Atakayechomoa Atanijua

Tuanze na ile karatasi, maana ndiyo iliyoleta maneno yote. Ilibandikwa ukutani katika wodi ya watoto wanaolazwa muda mrefu, juu ya soketi nyekundu iliyo karibu na mlango, na ilibandikwa kwa utepe mwingi kiasi kwamba ungetaka kuibandua ungetoka na rangi ya ukuta. Iliandikwa kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa zinazokanyagana: ATAKAYECHOMOA ATANIJUA. Chini hapakuwa na jina, wala halikuhitajika. Wodi nzima, kuanzia Sista mpaka mtoto wa kitanda cha kumi na moja ambaye hata kusoma hajui, ilijua kwamba mwenye maneno yale ni Bisibisi.

Bisibisi alikuwa fundi wa mashine za gemu. Si hizi za kwenye simu. Nasema zile kubwa za kusimama, zenye kioo mbele na kijiti cha kushika, ambazo mtu hutumbukiza sarafu akacheza mpaka akasahau alichotumwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akizifungua na kuzifunga kwenye ukumbi mmoja wa michezo. Mwanamke mfupi, aproni yenye mifuko sita, kalamu nyuma ya sikio, na hasira ambazo hazikukaa mbali. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata dada yake wa kuzaliwa tumbo moja alimwita Bisibisi.

Na huyo dada alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza kijana wa miaka kumi na saba, pale ukumbini wakimwita Bingwa, na hakuwa amejipa mwenyewe jina hilo. Wa pili ni binti wa miaka kumi na mitatu, Kinda. Kinda alikuwa mtoto wa kupanda kuta na kuruka mitaro, mtoto wa kuitwa mara tano ndipo aitike. Kisha ukaja ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ulianzia vidoleni, ukapanda, ukashuka, na ulipomaliza kuzunguka ulikuwa umemwachia shingo, uso, na kiwiko cha kushoto. Mwaka wa pili huo yuko kitanda cha sita, karibu na mlango, na madaktari wanasema subira.

Subira! Bisibisi alilichukia neno hilo kama mtu anavyochukia nzi kwenye chai.

Sasa, kilichomvalisha njuga Bisibisi ni jambo dogo alilolisikia siku moja ya kutembelea wagonjwa. Bingwa alikuwa ameketi kando ya kitanda wakicheza karata, yeye akishika za pande zote mbili, mdogo wake akitaja anayotaka itupwe. Kinda akashinda. Akashinda tena. Na mara ya tatu. Bingwa alipoondoka, binti akageuza uso ukutani.

"Una nini tena, na umeshinda?" Bisibisi akamuuliza.

"Ananiachia, Mamdogo. Zamani nikimshinda alikuwa ananirushia ndala. Siku hizi nikishinda ananiambia hongera mdogo wangu." Akaiiga sauti ile, laini, ya kubembeleza. "Nataka nimshinde kitu ambacho hawezi kuniachia."

Bisibisi alirudi ukumbini moja kwa moja, akaenda kusimama mbele ya mashine ya Kunguru.

Kunguru ni gemu ya zamani, rahisi kuielezea na ngumu kuicheza. Wewe ni kunguru, unashuka shambani kuiba mbegu, na mwenye shamba anakurushia mawe. Kijiti ni cha kwenda kushoto na kulia, kitufe ni cha kupaa. Una roho tatu. Jiwe likikupata, kunguru analia kraa, roho moja imekwenda. Mashine yenyewe haina kumbukumbu hata kidogo: inaonyesha pointi za juu kabisa kwenye kioo, lakini ukizima umeme inasahau kila kitu, inaanza upya kutoka sifuri. Kwa sababu hiyo pale ukumbini walikuwa na utaratibu wao. Ubavuni mwa mashine, kwenye mbao, kulikuwa na safu ya majina na pointi, na kila mstari uliandikwa na aliyeshindwa. Ukizidiwa, unaitwa, unakuja, unaona kwa macho yako kwenye kioo, unapewa kalamu, unaandika kwa mkono wako jina la aliyekuzidi. Ndiyo sheria. Ukikataa, usirudi tena. Mstari wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa kinyozi wa jirani, ambao unaonyesha alivyoandika kwa uchungu: BINGWA, 41,250. Umekaa miaka mitatu bila mtu wa kuugusa.

Mashine ilikuwa imechakaa, hailipi tena, na mwenye ukumbi akasema chukua. Kuichukua ndiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Miezi mitatu, jamani. Kwanza mashine ni ndefu na mgonjwa amelala, kwa hiyo Bisibisi akaikata miguu, akaiweka kwenye magurudumu, akakiinamisha kioo. Halafu kitufe: akatengeneza kimoja kikubwa kama kisosi, cha kukaa chini ya kiwiko. Kijiti akakigeuza kikae chini ya kidevu. Kinda alipokijaribu mara ya kwanza hakikusogea hata kidogo. "Kigumu, Mamdogo." Akabadilisha springi. "Bado." Akabadilisha tena. Mwishowe akaweka springi ya kalamu ya wino, ile ndogo ndogo, na kijiti kikacheza. Lakini ncha ilikuwa inamchoma kidevu, akaivisha sponji. Hapo ndipo Sista alipoingia kwenye habari hii.

Sista alikuwa mkuu wa wodi, mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea na kitambaa cha dawa mkononi kama wengine wanavyotembea na mkoba. Aliibonyeza sponji ile kwa kidole kimoja.

"Hii haifutiki."

"Ni sponji laini, Sista, mtoto anaumia."

"Laini ndiyo, lakini inanyonya. Mate yakiingia humo vijidudu vinajenga nyumba. Hapa nina watoto kumi na moja, fundi. Kisichofutika hakiingii."

Bisibisi alitoka pale akiongea peke yake mpaka kituo cha basi. Wiki nzima akahangaika, mwisho akanunua upawa wa plastiki, akakata mpini, akakipasha moto kile kikombe chake mpaka kikakaa kidevuni sawasawa. Kikafutika. Sista akasema, "Na sauti?" Sauti ikapunguzwa mpaka kunguru akawa kama analilia ndani ya gunia. "Na hizi mbao? Mbao zinanyonya." Alitaka zipakwe rangi ya mafuta zote, pamoja na ule ubavu wenye majina! Hapo Bisibisi nusura aseme maneno ambayo asingeweza kuyarudisha. Walivutana siku nne, mpaka ubavu ukavishwa plastiki ngumu ya kuonyesha ndani, majina yakabaki ndani. Halafu ikaja habari ya soketi. Soketi nyekundu ni za umeme usiokatika, na ni za mashine za wagonjwa. "Na mashine hii ni ya nani?" Bisibisi akauliza, mikono kiunoni. "Ya kuku?" Sista akasema ile ya mlangoni kwa kawaida haitumiki, basi.

Haitumiki! Asubuhi ya tatu Bisibisi aliingia akakuta kioo kinaonyesha sifuri. Kinda jana yake alikuwa amefika elfu ishirini na sita, mara yake ya kwanza kuvuka ishirini.

Aliyechomoa alikuwa Mzee Deki, msafishaji. Alikuwa na mashine yake ya kung'arisha sakafu, ile ya brashi ya mviringo, na kwa miaka yote soketi ile ya mlangoni ilikuwa ndiyo yake, maana waya wake haukufika kwingine. Bisibisi alimtolea uvivu mbele ya wagonjwa, mbele ya wauguzi, mzee wa watu ameshika ndoo. Mzee Deki akasema samahani mama, sikujua. Siku mbili baadaye, mazoea, akachomoa tena. Ndipo ilipobandikwa ile karatasi, na kuanzia hapo Mzee Deki akawa anapita ukuta wa pili akiingia wodini.

Basi Kinda akacheza. Asubuhi baada ya kusafishwa, jioni kabla ya dawa, kidevu kwenye upawa, kiwiko kwenye kisosi. Watoto wa vitanda vingine walikuwa wakigeuzwa wamwangalie. Kidevu kikachubuka, kikapakwa mafuta, kikaota sugu. Elfu thelathini. Elfu thelathini na tano. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, Sista mwenyewe akiwa amesimama nyuma na kitambaa chake, kunguru akalia kraa ya tatu na kioo kikaandika 43,100.

Wodi ililipuka. Mtoto wa kitanda cha pili, mguu umening'inizwa, alipiga kelele mpaka daktari akaja kutazama nani amekufa. Bisibisi alikuwa tayari ameshachomoa kalamu sikioni.

"Nabandua plastiki, naandika sasa hivi!"

"Mamdogo, acha." Kinda alikuwa anahema, lakini macho yanawaka. "Anaandika aliyeshindwa. Jumapili anakuja. Aone kwenye kioo, aandike yeye."

"Basi tupige hata picha."

"Simu hazina ruhusa wodi hii," akasema Sista, "na unajua."

"Sitaki picha," Kinda akasema. "Picha ataniambia hongera. Nataka akute imo."

Bingwa alikuwa anasoma shule ya bweni, ruhusa yake ni Jumapili moja kwa mwezi. Kwa hiyo kutoka Ijumaa mchana mpaka Jumapili saa tano asubuhi, kitu kimoja tu kilitakiwa hapa duniani: plagi ile ikae pale ilipo. Bisibisi aliilinda kama mama mzazi. Jumamosi alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni tangu wageni waliporuhusiwa kuingia mpaka walipofukuzwa. Mzee Deki alipopita na ndoo alimkata jicho moja ambalo lingekausha ile sakafu bila deki. Muuguzi mmoja kijana akauliza kama anaweza kuchaji taa yake hapo kidogo tu. Kidogo tu! Hakuuliza tena.

Jumapili saa nne na nusu Bisibisi alikuwa ameshafika, amepiga pasi mpaka aproni. Namba bado ipo, 43,100, juu ya kioo. Kinda amechanwa nywele. Nusu saa imebaki.

"Mamdogo, kitufe kinanata," Kinda akasema. "Nikikibonyeza hakirudi upesi."

"Kinanataje?"

"Kinachelewa. Akitaka nicheze mbele yake nitaaibika."

Bisibisi akabonyeza. Kweli, kinavuta. Kifaa kidogo cha chini ya kitufe kimechoka, na anacho kipya mfukoni, kazi ya dakika tano. Moyo wake ukatulia kabisa. Katika yote yaliyompata miezi ile, sponji, plastiki, soketi, mate, vijidudu, hili ndilo la kwanza analolijua vizuri. Akazunguka nyuma ya mashine, akapiga magoti, akafungua mlango mdogo wa nyuma, akaingiza mikono. Akaanza hata kuimba puani. Akatoa kifaa kilichochoka, akaweka kipya, akafunga waya mbili, akajaribu kwa kidole: tak, tak, tak, kinarudi vizuri kama kipya.

Alipoingiza mkono mfukoni kutafuta skrubu ya mwisho ndipo alipotambua kwamba wodi iko kimya.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza kutoka kule nyuma.

Na mkono wake, ndani ya mfuko wa kulia wa aproni, ulikuwa umeshika kitu kigumu chenye miguu mitatu.

Nitawaeleza, maana usipoelezwa utadhani mwanamke huyu alirogwa. Aliyemfundisha kazi alikuwa fundi mmoja mwenye vidole vinane, na somo la kwanza, na la pili, na la tatu, lilikuwa hilo hilo: kabla hujafungua mlango wa mashine, chomoa, na plagi uitie mfukoni mwako. Usiiache chini, mtu atakuja kuichomeka huku mikono yako iko ndani. Mfukoni. Kwa miaka ishirini na miwili Bisibisi hajawahi kufungua mlango wa mashine bila plagi kuwa mfukoni. Mkono unafanya wenyewe, kichwa hakiulizwi. Alikuwa amenyoosha mkono chini ya karatasi yake mwenyewe, akachomoa, akatia mfukoni, akaanza kuimba.

Aliitoa plagi akaitazama. Halafu akainuka taratibu, magoti yakilia, akazungukia mbele. Kioo kilikuwa cheusi tii.

"Kinda..." akasema. "Mwanangu. Mama yangu weee."

Kinda hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa anakiangalia kile kioo kama anayesoma kitu. Mtoto wa kitanda cha pili ndiye aliyeanza kulia, na Sista akaenda kumtuliza.

Na ndivyo Bingwa alivyowakuta. Aliingia na begi lake la shule, mrefu kuliko mwezi uliopita, akasema, "Shikamoo Mamdogo," na Mamdogo hata marahaba akaisahau. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja.

"Alikuzidi! Ijumaa! Elfu arobaini na tatu na mia moja, Sista aliona, wote hawa waliona! Mimi nimefuta! Mimi, kwa mkono wangu huu, mjinga mimi, nimechomoa!"

Bingwa akaitazama mashine, upawa, kisosi, akamtazama mdogo wake. Uso wake ukalainika. Akaweka begi chini.

"Naamini, Mamdogo," akasema. "Hongera mdogo wangu. Hongera sana. Nipe kalamu niandike."

Ilikuwa sauti ile ile. Bisibisi aliijua kabla hajaona macho ya Kinda yakifumba.

"Usiandike," Kinda akasema.

"Kwa nini? Nimekubali kushindwa."

"Hujaona."

"Sasa si nimeambiwa, jamani? Sista aliona. Mimi nakuamini."

"Hujaona, hujaandika. Kaa hapo." Kinda akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu kioo kizime akamgeukia mama yake mdogo. "Mamdogo, chomeka."

Bisibisi akachomeka. Plagi iligonga ukuta mara mbili ndipo ikaingia. Kioo kikawaka, sifuri tupu. Akakimbilia kuuweka upawa sawa, akasogeza kisosi, akarudisha upawa, akafuta kidevu cha mtoto kwa aproni, Sista akasema si kwa aproni, akasogeza kisosi tena.

"Mamdogo."

"Naam mwanangu, kiko juu sana? Nikishushe?"

"Toka nje."

"Nitoke?"

"Unanihemea. Toka. Mpaka nikuite."

Basi akatoka. Mtu aliyeijenga mashine ile skrubu kwa skrubu alitoka nje, mlango ukafungwa nyuma yake, akabaki amesimama kwenye korido kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Kwenye benchi la korido alikaa Mzee Deki, mpini wa deki umeegemezwa ukutani, ndoo miguuni. Mlango ulikuwa wazi muda wote ule, na korido nzima ilikuwa imesikia. Bisibisi akakaa upande wa pili wa benchi. Halafu mzee akakohoa.

"Sasa mama," akasema, "leo nani atamjua nani?"

Bisibisi akafungua kinywa kumpa lake. Akatoa sauti fulani ambayo ilianza kama kicheko, ikaishia kwingine, akaifuta pua kwa aproni.

"Nimekukosea mzee wangu," akasema.

"Ah. Yamepita." Mzee Deki akanyoosha mgongo, na uso wake ukakunjamana.

"Unaumwa mgongo?"

"Ni hili deki. Ile mashine ya brashi haifiki soketi nyingine, basi tangu uandike barua yako nasafisha kwa mkono. Wodi nzima. Kona zile za chini ya vitanda napiga magoti."

Siku kumi na tisa. Bisibisi alizihesabu mwenyewe kimoyomoyo. Hakuwahi kuuliza, hata siku moja, na waya za kurefushia umeme alikuwa nazo tatu nyumbani chini ya kitanda. Alitamani benchi lile limmeze.

"Kesho nakuletea waya," akasema.

"Kesho," Mzee Deki akasema. "Sasa nyamaza tusikie."

Kusikia nako kulikuwa adhabu. Sauti ya kunguru ilikuwa imebanwa kwa amri ya Sista, na Bisibisi mwenyewe ndiye aliyeibana. Akasimama, akaweka sikio mlangoni. Kraa. Mapema mno! Kraa. Hata dakika mbili hazijafika. Kraa. Akasikia sauti ya Bingwa, laini, "Umejitahidi sana, sasa pumzika," na Kinda akijibu kitu kifupi. Mashine ikaanza tena. Mara ya pili roho zilidumu kidogo zaidi, lakini haikutosha. Bisibisi alikuwa akihesabu mbegu kwa mlio, na alijua haijafika hata elfu thelathini. Akapiga ukuta kwa kiganja. Mtoto amevurugwa, kidevu kimechoka, na saa ya kutembelea inaisha saa sita. Saa ya ukutani kwenye korido ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Angeingia amwambie nini? Angeingia ashike nini? Kila alichokishika tangu asubuhi alikiharibu.

"Kaa chini, mama," Mzee Deki akasema.

"Siwezi kukaa."

"Basi simama, ila usigonge ukuta. Watoto wanasikia."

Mara ya tatu ikaanza. Bisibisi akabana pumzi. Mbegu zikawa zinaingia, tii, tii, tii, mfululizo, halafu kimya cha kupaa, halafu tena tii, tii. Dakika nne. Kraa. Sawa, moja. Aliguna. Mbegu zikaendelea, na mwendo ukabadilika, mawe sasa yanakuja mawili mawili, hiyo inamaanisha elfu thelathini imepita. Mkono wa Bisibisi ulikuwa umeshika kitasa cha mlango bila yeye kujua. Mzee Deki akainuka, akauondoa mkono ule polepole, akaushikisha mpini wa deki badala yake. Kraa. Mbili. Saa sita kasoro dakika kumi. Tii, tii. Mle ndani hakuna anayekohoa. Tii. Tii. Kimya cha kupaa, kirefu, kirefu kupita kiasi. Tii.

Kraa.

Halafu hapakuwa na chochote. Hakuna makofi. Hakuna kelele ya mtoto wa kitanda cha pili. Bisibisi alisubiri, moyo ukishuka ngazi moja moja, akajua imeshindikana, akajua ni yeye, na kwamba mwezi mzima utapita kabla kijana hajarudi, na mwezi kwa mtoto wa kitanda cha sita si kitu cha kuahidi. Akakaa kwenye benchi na mpini wa deki mkononi.

Ndipo ikasikika sauti ya Bingwa, na haikuwa laini.

"Haiwezekani! Hiyo ya mwisho kitufe kimegusa mara mbili, nimeona! Haihesabiki!"

"Imegusa mara moja! Kipofu wewe!"

"Mara mbili! Rudia!"

"Sirudii! Soma namba! Soma kwa sauti wasikie!"

"Punguzeni sauti," akasema Sista, "hii ni hospitali," lakini hakuna aliyepunguza.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Bingwa akatokea, amevimba, midomo imebenuka kama alivyokuwa akiibenua alipokuwa na miaka kumi, anapumua kwa pua.

"Ngapi?" Bisibisi akauliza.

"Elfu arobaini na moja na mia tatu." Akasonya. "Hamsini, Mamdogo! Amenizidi hamsini! Na cheko lake unalisikia? Kalamu iko wapi?"

Bisibisi akaitoa kalamu nene nyuma ya sikio, na kijana akaipokonya mkononi mwake. Hakusema asante wala hakumtazama. Aligeuka akaingia ndani, akaubamiza mlango, na Bisibisi hakuwa amemwona akimkasirikia mdogo wake hivyo tangu siku Kinda alipolazwa.